Saa za Usukani

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana wa kidato cha nne mliokaa pale nyuma, hamjambo. Nimeulizwa kama mafunzo ya udereva yanaweza kuingia hapa shuleni bila kugusa saa za masomo. Yanaweza. Ila saa tukizichagua vibaya, tutawafunza watoto kupita mtihani tu, si kuendesha gari.

Mimi nilijifunza saa ya chakula cha mchana, wiki mbili, wanafunzi wanne gari moja. Kila mtu dakika kumi hivi, shuka, mwenzako apande. Nikapita. Miezi michache baadaye nikawa nateremka Sachangwan kuja Salgaa, mguu kwenye breki tangu juu. Nikasikia harufu ya kuungua, na breki nikikanyaga inazama. Shemeji yangu aliyekaa kando akapiga kelele: "Shusha gia! Shusha tena!" Hakuna aliyekuwa amenifunza kwamba mteremko mrefu unashukwa kwa gia ya chini, breki ni za kusaidia. Hilo halifunziki kwa dakika kumi za mtu mwenye njaa.

Na barabara yetu haina huruma. Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori moja liliwaua zaidi ya watu 50 waliokuwa kando ya barabara.

Sasa, saa. Kwa shule ya kutwa, masomo yanaisha saa tisa na nusu, kisha ni michezo na vyama hadi kumi na dakika 45. Naomba siku moja tu ya wiki katika muda huo, kwa alama za barabarani na ule ubao wa mji mdogo, uliochorwa barabara za kufanyia mazoezi kwa vigari vya kuchezea. Juzi nilimwona msichana akisukuma kigari cha plastiki kwenye ubao huo. Alifika kwenye mzunguko, akasimama, akatazama kulia, midomo ikicheza kimyakimya mpaka njia ilipokuwa wazi. Hakuwa na haraka. Prepu ya usiku siitaki kabisa. Mtoto anayesinzia hashiki kitu.

Usukani wenyewe ungoje. Sheria inataka miaka 18 kwa gari, na wengi wenu hamjafika. Basi ni Desemba, mtihani wa KCSE wa kidato cha nne ukiisha, asubuhi, mtu mmoja saa nzima. Likizo ya Agosti tusiiguse: sheria ya 2013 ilikataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na sipendi udereva uwe mlango wa nyuma wa kuyarudisha.

Mzazi asiye na ada ya gari asimzuie mtoto kuja kwenye ubao. Huyo naye huvuka barabara, na kesho atapanda boda.

Mwalimu mkuu akikubali, nitaanza Jumanne saa tisa na nusu. Wa Njoro na Bahati nitawaachilia saa kumi na robo, wawahi matatu kabla giza halijaingia.