Kuusoma mwelekeo wa kipupwe: mhadhara kwa wakulima wa korosho na wavuvi, Mtwara

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa nchi nzima, yaani miezi ya Juni hadi Agosti. Redioni mtasikia: "kiwango cha chini cha joto kitakuwa chini ya wastani." Wastani huo ni wa vipimo vya miaka 30 vya mahali hapohapo. Kitulo, huko Nyanda za Juu Kusini, ambako sakitu, yaani barafu nyembamba ya alfajiri, huunguza viazi shambani, chini ya wastani ni baridi ya kuumiza. Hapa Mtwara usiku huohuo mtu analala na shuka moja. Ndiyo maana kila mkoa usikilize sehemu yake.

Baridi yetu inasukumwa kutoka mbali. Kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, kuna eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa. Likiimarika, kusi, yaani upepo utokao kusini, huvuma kwa nguvu na kutuletea hewa ya ubaridi. Usiku mbingu zikiwa wazi na upepo ukitulia, ardhi hupoteza joto upesi. Alfajiri ukishika jani la mkorosho, mkono unalowa umande.

Hapo ndipo ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, unapostawi. Kuvu ile nyeupe hupenda ubaridi na unyevunyevu, na hushika majani machanga na mashada ya maua kabla hayajafunguka. Kwa hiyo mkisikia kipupwe kitakuwa cha baridi kuliko kawaida, nunueni mapema salfa, dawa ya kuukinga, na mkague mashine za kupulizia. Ondoeni pia maotea, yale machipukizi yaliyo ndani ya mti, kivulini. Wengi huyaacha, na ndiyo maficho ya ugonjwa toka msimu uliopita.

Lakini nawasihi, msipange siku ya kupuliza kwa mwelekeo wa miezi mitatu. Mwelekeo ni wa kununulia dawa. Siku ya kupuliza huamuliwa na utabiri wa saa 24. Salfa ya unga, robo kilo kwa mti mkubwa, hupulizwa alfajiri upepo umetulia na umande upo, ili ishike. Ukisubiri saa nne, kusi imeshaamka na unga wako unaishia shamba la jirani. Rudia kila baada ya siku 14. Mvua ikinyesha katikati, salfa imeoshwa, usihesabu mzunguko huo. Na shada lililokwisha kuwa jeusi halirudi: salfa ni kinga.

Wavuvi, kwenu sehemu ya kusikiliza ni upepo. Tahadhari ikitaja kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mtumbwi na ngalawa zibaki ufukweni. Hata siku isiyo na tahadhari, kusi huongezeka mchana. Tegeni mapema, muwe mmerudi kabla ya adhuhuri.