Njia za mkato zinazoua: kaya inapobaki na ardhi iliyochoka

REHEMA: Karibuni kwenye kipindi. Leo tuko Usukumani, mkoani Shinyanga. Tumepachagua kwa sababu ardhi ya huku ilichoka kabisa, watu wakabaki palepale, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikaja kupona. Tutazungumzia kilicho katikati: familia inakula nini, inauza nini na inalinda nini wakati nchi yote imekuwa vumbi. Kaka Masanja, tuanzie pale ilipoharibika.

MASANJA: Asante dada Rehema. Watu wengi wanasema ukame, lakini ukame ulikuta kazi imeshafanyika. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu mikubwa kuwaondoa mbung'o. Ikaja pamba, mashamba yakapanuka. Halafu katikati ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, kaya ziliacha nyuma maeneo yao ya malisho ya akiba, yakabaki bila mwenyewe. Ng'ombe waliongezeka, kuni zikakatwa. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa Jangwa la Tanzania, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI.

REHEMA: Na hayo maeneo ya akiba ndiyo ngitili. Tutayarudia, maana ndiyo mlango wa kutokea. Kwanza tumbo. Chukua kaya ya watu saba. Mavuno yamekuja robo ya kawaida. Siku hiyohiyo ya kuvuna, kabla gunia halijasogea, hesabu gani inafanyika?

MASANJA: Gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, ukichanganya wakubwa na watoto. Watu saba ni kilo 2.8 kwa siku, kilo 84 kwa mwezi. Mwaka mzima ni kilo 1,022, yaani magunia kumi ya kilo mia na kidogo juu. Kunde au choroko, gramu 60 kwa mtu, ni kama kilo 12 na nusu kwa mwezi. Ukiwa na magunia matatu, una miezi mitatu na nusu. Ukivuna Juni, chakula kinakata mwishoni mwa Septemba, na mvua bado.

REHEMA: Ndiyo maana naisisitiza siku ya mavuno. Mwezi Juni ng'ombe bado ana nyama na bei ya mtama haijapanda. Ukingoja Oktoba, ng'ombe amekonda, kila jirani anauza wake, na gunia limepanda. Ng'ombe yuleyule anakurudishia nusu ya magunia ambayo ungepata Juni, au chini ya hapo.

MASANJA: Na kuna mpangilio wa kuuza. Kwanza madume yasiyo na kazi, halafu majike mazee yaliyoacha kuzaa. Unabakiza mitamba na majike machanga, mbuzi majike, na maksai wawili wa plau. Maksai hao wanawaponza wengi. Wana miili mikubwa, wanaleta hela nzuri, mtu anashawishika. Mvua ikinyesha hana wa kulima, anakodi, analima amechelewa wiki tatu, na katika nchi ya mvua fupi wiki tatu ndizo mavuno yenyewe.

REHEMA: Mbegu nazo zinatengwa siku hiyohiyo, kwenye chombo chake, mbali na jiko. Sasa tuseme kuhusu kuhifadhi, maana magunia matatu yakiliwa na mdudu dumuzi yanakuwa mawili. Unajua unga wa dumuzi ule, mweupe, unaobaki mkononi ukizamisha kiganja kwenye gunia?

MASANJA: Ule ndio chakula cha mwezi mzima kimesagwa bure. Dawa yake ni mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani, kiroba nje. Wadudu wanamaliza hewa iliyomo, wanakufa wenyewe. Lakini mfuko huu hausamehe nafaka mbichi, kwa sababu unyevu unafungiwa ndani na kuvu inaota. Nafaka iwe na unyevu wa asilimia 13 au chini.

REHEMA: Na hakuna kaya yenye kipimo cha umeme cha kupima unyevu. Kuna chupa na chumvi.

MASANJA: Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Chumvi ianikwe juani mpaka iwe vumbi, isiwe na bonge hata moja. Jaza nafaka theluthi moja ya chupa, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi, ziba, tikisa kwa nguvu dakika moja. Iache dakika 15. Ukiona chumvi imeng'ang'ania kwenye kuta za chupa kama ukungu, nafaka bado mbichi, irudishe juani. Ikidondoka yote chini na kuta zikabaki safi, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi; ianike tena juani ikaribie 13, ndipo ufunge.

REHEMA: Kosa la kawaida ni chumvi ya dukani kutumika ikiwa na unyevu wake. Itaganda kwenye chupa hata kama nafaka ni kavu. Kosa la pili ni kuzifunga tabaka mbili za ndani kwa kamba moja. Kila moja isokotwe shingo yake, ikunjwe, ifungwe peke yake. Na usifungue mfuko kila siku kwa ajili ya ugali wa jioni. Fungua mmoja, hamishia chakula cha wiki mbili kwenye ndoo, funga tena.

MASANJA: Kuna akiba nyingine ya Kisukuma isiyotaka mfuko: michembe na matobolwa. Viazi vitamu vikatwe vyembamba kama kidole, vianikwe vibichi, hiyo ni michembe, au vichemshwe kwanza, hayo ni matobolwa. Vikikauka mpaka vinavunjika kwa sauti, vinakaa miezi.

REHEMA: Sasa tuingie kwenye muhogo. Hapa nataka twende taratibu, kwa sababu hapa watoto wanapoteza miguu.

MASANJA: Muhogo ndio zao linalobaki ardhini mengine yakifa. Lakini ukame huohuo unaongeza sumu kwenye mizizi, sumu ya sianidi, hasa muhogo mchungu. Katika mwaka wa kawaida mama anaumenya, anauloweka siku tatu mpaka unabonyea kwa kidole, kisha anauanika. Katika mwaka wa njaa maji ya kulowekea hayapo na watoto wanalia, basi unalowekwa siku moja, au unatwangwa na kuanikwa tu, na jioni unaliwa. Wiki kadhaa za kula hivyo, bila kunde wala dagaa, mtoto anaamka asubuhi miguu imekakamaa, hasimami.

REHEMA: Ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina lilitoka Kongo, kwa watu wa Kwango, ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Hapa kwetu uliipiga wilaya ya Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame. Miguu ikishakakamaa hairudi. Hauongezeki, lakini hauponi.

MASANJA: Na walioathirika zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Dagaa wanasaidia kwa sababu mwili unahitaji protini kuivunja sumu ile. Chakula cha muhogo mtupu kinauma mara mbili: kinaleta sumu na kinakunyima dawa yake.

REHEMA: Sasa kama maji ya kuloweka siku tatu hayapo, njia ni hii. Saga muhogo mkavu uwe unga. Changanya na maji mpaka uwe donge zito lililolowa lote. Utandaze kwenye mkeka au ungo, unene usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini, hewa ya sumu itoke. Kisha usonge ugali siku hiyohiyo.

MASANJA: Usiuache mpaka kesho, utachacha. Na huo unene wa sentimita moja haupunguziwi umuhimu. Ukirundika kama kilima, katikati hapapumui, sumu inabaki mle.

REHEMA: Ndiyo njia ya mkato pekee ninayoikubali, kwa sababu imepimwa. Zile za "leo tu, kesho tutaloweka vizuri" ndizo zinazoleta fimbo za kutembelea kwa mtoto wa miaka saba.

MASANJA: Wakati huohuo mtoto mdogo apimwe mkono kuona kama ana utapiamlo. Utepe wa kliniki unazungushwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kliniki leo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, aandikishwe kwenye lishe. Bonyeza na nyayo zote mbili kwa dole gumba, hesabu mpaka tatu. Likibaki shimo miguu yote miwili, hata utepe ukiwa kijani, huyo ni mgonjwa mahututi.

REHEMA: Maji tuyapitie haraka. Lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa watu saba ni madumu matano ya lita 20 na kidogo. Ikishindikana kabisa, nusu yake, na hiyo ni ya kunywa, kupikia na kunawa kidogo. Ya kunywa, kama kuni hakuna, chupa safi za plastiki zisizo na rangi, lita moja na nusu, zilazwe juani saa sita. Siku ya mawingu, siku mbili. Maji yawe yamechujwa, tope linazuia jua.

MASANJA: Kuni ndizo zinazoturudisha kwenye ardhi. Watu wanaangalia shamba tupu wanasema hakuna mti. Ukiinama utaona vichaka vya kimo cha mbuzi, vinakatwa kila mwaka na plau, vinaliwa na mifugo. Chini yake kuna mizizi ya mgunga, mpingo, mkwaju, ina miaka mingi na inafika kwenye unyevu. Kisiki kile ni hai.

REHEMA: Na ndiyo jina la kazi yenyewe, kisiki hai. Eleza mkono unavyofanya.

MASANJA: Kiangazi, panga kali. Kisiki kimoja kinaweza kuwa na machipukizi 20. Chagua matatu hadi matano, yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine kata kwenye shina kabisa. Hayo uliyobakiza, pogolea matawi ya chini mpaka nusu ya kimo, ukikata kuelekea juu ili gome lisichanike. Funga kitambaa cha rangi, kila mpita njia ajue kwamba mti huu una mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi michache. Ulivyokata ni kuni za mwaka huohuo.

REHEMA: Wengi wanaacha chipukizi moja wakitaka mti wa haraka. Mbuzi mmoja akilivunja, mwaka umeisha. Na wengine wanapogolea mpaka kileleni, unabaki ufagio, upepo unaulaza.

MASANJA: Shambani, kwenye udongo wa kichanga, kuna mashimo ya Chololo, yanaitwa kwa jina la kijiji kimoja cha Dodoma. Upana sentimita 22, kina 30. Shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90. Ndani unatia majivu, yanafukuza mchwa, halafu samadi na mabua, kisha udongo, ukiacha nafasi juu ya kutuama maji. Eka moja ni mashimo karibu 7,500. Usianze na eka. Robo eka, mashimo kama 1,870, yachimbwe tangu Agosti, kila siku kidogo, kwa sababu mtu mwenye njaa hachimbi mashimo elfu saba. Kwenye udongo mweusi wa mbuga yaache, maji yatatuama na mtama utaoza.

REHEMA: Sasa ngitili. Kwa anayetusikiliza Lamu au Bukavu: ni kipande cha malisho ambacho familia au kijiji hukifunga mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Nyasi zinakua, zinakauka zikiwa zimesimama, na mifugo huingia kiangazi kikikolea, Julai au Agosti, mabua ya mashambani yakishaisha.

MASANJA: Na hawaingii kote. Unafungua kona moja, inaisha, unafungua nyingine. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Ng'ombe watano kwa siku 120 ni kilo 3,600. Ukifungua yote siku moja, nusu inakanyagwa.

REHEMA: Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Mbegu hazikununuliwa kwa sehemu kubwa ya eneo hilo, lililindwa tu. Lakini kulinda si neno jepesi. Dagashida, mkutano wa wanakijiji, ndio uliopanga faini, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, ndio waliokamata.

MASANJA: Na jirani ndiye aliyejizuia. Mei, nyasi za ngitili ni za kijani, ng'ombe wako anazitamani. Unaingiza "wawili tu". Nyasi inaliwa kabla haijadondosha mbegu, na mwaka unaofuata pale panaota magugu.

REHEMA: Tumalizie na siku mvua inaporudi, kwa sababu ng'ombe wengi waliovuka kiangazi chote hufa siku hiyo.

MASANJA: Wanakufa kwa baridi ya mvua ya kwanza, wakiwa hawana mafuta mwilini. Wawekwe chini ya paa au kwenye kichaka kizito. Na wanakufa kwa mtama. Visiki vya mtama vya mwaka jana vinachipua, vya kijani, vitamu, na vimejaa sianidi, sumu ileile ya muhogo. Ng'ombe mwenye njaa akivila kwa pupa, anaanza kuhema, anatetemeka, anaanguka palepale shambani. Wafunge zizini asubuhi hizo, uwape mabua makavu kwanza mpaka tumbo lijae, na shamba la mtama lisiguswe mpaka machipukizi yafike kiunoni.

REHEMA: Kwa hiyo fungu la mwisho la mabua usilimalize Oktoba.

MASANJA: La wiki mbili libaki darini. Linahesabiwa pamoja na mbegu.