Sosi ya tartari ya nyumbani, ya kuchovyea ngisi na samaki wa kukaanga

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Karibuni tena jikoni kwangu hapa Shela. Shela ya Malindi, msije mkanitafuta Lamu. Leo asubuhi wavuvi wameshusha ngisi wazuri, nikapata kilo moja, na mwenyewe mnanijua: ngisi wa kukaanga simli na tomato sosi. Namtakia kitu kizito, cha baridi, chenye ukali wa ndimu. Basi leo tunapiga sosi ya tartari. Jina linawataja Watatari, lakini sosi yenyewe ni ya Wafaransa. Kuna mahali hapa mjini waliniletea ya kujaza kikombe cha kahawa, nikaomba ya pili, wakanitoza. Siku hiyo ndiyo nilisema nitajifunza.

Sogeza simu mwanangu, waone meza.

Mayai mawili, moja la kazi na moja la akiba. Yawe ya leo au jana, na kama yalikuwa kwenye friji yatoe mapema ubaridi uishe. Mafuta ya alizeti mililita 200. Msilete mafuta ya nazi, najua tunayapenda, lakini yakiingia kwenye friji yanaganda na sosi inakuwa kama mshumaa. Ya zeituni matupu nayo, ukiyapiga sana, yanaleta uchungu. Haradali ya rojo kijiko kimoja cha chai. Ndimu moja yenye maji. Chumvi. Kitunguu nusu, dania fungu dogo, matango madogo ya siki matano, na hizi kepa, kijiko kimoja cha mezani.

Kepa ni matumba ya maua ya kichaka cha pande za Mediterania, yanachumwa kabla hayajachanua, yanawekwa kwenye chumvi au siki. Sisi Malindi hatuna taabu nazo, Waitaliano wamekaa nasi miaka na miaka, supamaketi utazikuta. Ukizikosa, chukua achari ya ndimu vipande viwili, ioshe viungo vyote vitoke, katakata ndogo ndogo. Na ukikosa matango ya siki, embe bichi lile gumu la kulia na chumvi na pilipili linafaa kabisa. Mfaransa akija atanuna, lakini mimi nalipenda kuliko matango.

Tuanze na kitunguu, maana kinahitaji muda wake. Kikate kidogo uwezavyo, tia chumvi, kifikiche kwa vidole kama unavyofanya kachumbari, kiache dakika tano kisha kioshe na ukikamue kwa kitambaa. Kamua kweli! Matango nayo yakate hivyo hivyo na uyakamue. Maji yakibaki humo, kesho sosi yako itakuwa imelegea na kidimbwi juu.

Sasa kazi yenyewe. Chukua bakuli zito. Kitambaa kibichi kizungushe kama ngata ya kubebea mtungi, kalisha bakuli juu yake, sasa halitembei na mikono yote miwili iko huru. Tenga kiini, ute weka kando utautumia kwa chapati. Kiini ndani ya bakuli, haradali, chumvi kidogo, maji ya ndimu kijiko kimoja cha mezani. Piga. Sina kipigio cha waya, natumia uma mbili nilizozishika pamoja, inatosha. Piga mpaka rangi ianze kuwa nyepesi.

Mafuta yanaingia tone tone. Nasikia mtu huko anasema ndiyo, ndiyo, halafu anamimina. Tone! Mimi natia mafuta kwenye chupa ndogo ya maji, kifuniko nimekitoboa kwa sindano ya moto, nikiifinya kidogo tone moja linatoka. Tia matone mawili matatu, piga mpaka yapotee, tia mengine. Ndani ya kiini kuna kitu kinaitwa lesithini, hicho ndicho mshenga wa mafuta na maji, kinavipatanisha viwili ambavyo vyenyewe havitakani. Lakini mshenga mmoja ukimletea posa mia kwa wakati mmoja anachanganyikiwa.

Njoo karibu na simu, hapa. Mnaona uma ikipita inaacha njia, na njia haijifungi haraka? Hapo imeshashika. Tumefikisha kama robo ya mafuta. Kuanzia sasa unaweza kumimina uzi mwembamba, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia, huku mkono haupumziki. Ikiwa nzito hata uma inasimama, tia maji ya vuguvugu kijiko cha chai, itarudi.

Na ikikatika? Kila aliyepika wali wa nazi anajua tui lililokatika linavyoonekana: mafuta kivyake, maji kivyake, chembe chembe. Hii nayo hukatika vivyo hivyo. Mimi mara ya kwanza ilinikatikia wageni wakiwa wameshanawa mikono, nikaimwaga yote, nikaleta ukwaju. Msiimwage. Ndiyo maana nilisema mayai mawili. Kiini kipya kwenye bakuli safi, kipige na ndimu kidogo, kisha ile iliyokatika uitie humo kidogo kidogo kana kwamba ndiyo mafuta. Itashikana.

Haya, hapa tayari tuna mayonezi. Tia kitunguu, matango, kepa, dania uliyoikata. Hapa usipige tena, koroga taratibu kwa kijiko. Onja sasa, chumvi mwisho, kwa sababu kepa na matango vimekuja na chumvi yao. Yangu imetaka ndimu zaidi. Nimeongeza nusu ya pilipili mbichi, mbegu nimetoa. Hiyo si sharti, ni tabia yangu tu.

Ifunike, weka kwenye friji angalau nusu saa. Ukiila sasa hivi utasikia kila kitu peke yake, mafuta huku, kitunguu kule. Ikitulia vinaingiana.

Jambo moja sitaki mtu alipuuze. Yai hili ni bichi. Mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa msimpe hii. Kwao chukua mayonezi ya dukani, kikombe kimoja, uanzie pale kwenye kitunguu na matango. Na sisi wengine tusiiache mezani ikipigwa na joto la kaskazi. Toa ya kutosha, iliyobaki irudi kwenye friji ndani ya chupa safi yenye kifuniko, na isizidi siku mbili. Iliyokwisha kuchovywa vidole mezani hairudi kwenye chupa, hata kama ni nyingi.

Ngisi nimewakata pete, nimewapaka unga wenye chumvi na pilipili manga, mafuta yamechemka sana, dakika moja na nusu tu nawatoa. Ukizidisha unatafuna mpira. Leo tumepata na viazi karai vya jana, navyo vinaingia humu vizuri ajabu.

Sosi iwe kando, msimwagie ngisi juu, ganda litalowa.

Mwanangu, hiyo simu iegemeze kwenye mtungi uje. Chukua ile pete ndogo, chovya. Eh, chovya, usipake! Mbona unacheka? Imezidi ndimu? Haya, lete viazi.