Kulinganisha ultrasaundi na CT ya mgongo, pingili moja moja

Karibuni. Leo tunaweka picha ya CT, yaani eksirei ya vipande, na ya ultrasaundi ya pingili ileile zikae pamoja. Tunatumia 3D Slicer, programu ya bure, pamoja na kiongezo chake SlicerIGT. Mgongo wetu ni wa mfano: pingili za plastiki zilizozamishwa kwenye jeli. Usijifunzie kwa mgonjwa.

Kwanza elewa tatizo lenyewe. Mgonjwa hupigwa CT akiwa amelala chali. Mezani, kwa upasuaji wa mgongo, hulazwa kifudifudi. Mkunjo wa kiuno hubadilika, pingili zikasogeana. Lakini pingili yenyewe ni mfupa, haipindiki. Ndiyo maana tunalinganisha moja moja. Pingili za kiuno huitwa L1 hadi L5, kutoka juu kwenda chini. Ukiubeba mgongo mzima kwa mpigo, L3 itakaa vizuri na L5 itakuwa pembeni, na hata uongeze alama ngapi hutaipata.

Fungua CT, vipande viwe vya milimita 1 au vyembamba zaidi. Ingia Segment Editor, weka kizingiti karibu na 200 kwenye kipimo cha Hounsfield, ambapo maji ni 0. Mifupa ikijitokeza, itenge L3 kwa mkasi. Hapa usiharakishe: viungo vya nyuma hushikana na vya jirani, na kipande cha L4 kikibaki kitakuvuruga mbele.

Sasa ultrasaundi. Mfupa huonekana kama mstari mweupe wenye kivuli cheusi nyuma yake. Utaona uso wa nyuma wa pingili tu, basi usihangaike kutafuta mwili wake, ile sehemu nene ya mbele. Usikandamize proba, kile kifaa cha mkononi cha ultrasaundi. Pia kumbuka mashine hudhani sauti inakwenda mita 1540 kwa sekunde. Kwenye mafuta ni kama 1450, kwa hiyo kwa mtu mnene mfupa huonekana uko chini kuliko ulipo.

Tuweke alama. Tatu zisizo kwenye mstari mmoja zinatosha kihesabu, ila mimi huweka sita: ncha mbili za mabawa ya pembeni, na viungo vinne vya nyuma, viwili juu na viwili chini. Weka kwa mpangilio uleule kwenye picha zote mbili, kwa sababu programu huziunganisha kwa namba. Kwenye Fiducial Registration Wizard chagua Rigid, inayosogeza na kuzungusha tu. Similarity huruhusu mfupa kukuzwa au kupunguzwa, nayo huficha makosa.

Kisha acha programu isogeze uso kwa uso, ikitafuta sehemu za karibu zaidi. Hatari yake ni kwamba pingili zinafanana, inaweza kutulia juu ya jirani na kuonekana sawa kabisa. Rudi na proba hadi mfupa wa nyonga wa katikati, sakramu, uhesabu kupanda: L5, L4, L3. Fanya hivyo kila mara, hata ukiwa na uhakika.

Mwisho, usiiamini namba ya kosa iliyo kwenye skrini. Imepimwa kwa alama zilezile ulizozitumia. Chukua ncha ya mwiba wa nyuma, ambayo hatukuitia alama, upime umbali wake kati ya picha mbili. Kwa mgonjwa, skrubu ya upasuaji itapita ndani ya pingili, milimita chache tu kutoka kwenye neva za mgongo. Nikiona zaidi ya milimita 2 ninafuta alama na kuanza upya.

Imekaa? Hifadhi kwa jina L3. L4 ina alama zake, tuitafute.