Umeme wa ukutani kwa redio za valvu za betri: volti moja na nusu ndiyo ya kuogopa

Haya jamani tuanze, wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana nitaonyesha vitu vidogo. Tunaongelea zile redio za betri za miaka ya 1940 na 1950, zenye valvu (vile vichupa vya kioo vilivyotumika kabla ya transista) kama DK91, DF91, DAF91 na DL94, au ndugu zao wa baadaye ambao majina yao yanaishia na 96. Redio nzima inaweza kuwa haina ubaya wowote, tatizo ni kwamba ile betri yake ya volti 90 kuipata madukani siku hizi ni shughuli, kwa hiyo tunaijengea boksi la kuchomeka ukutani.

Redio hii inakula umeme wa aina mbili. Kuna volti 90 za anodi, yaani kile kibati cha ndani ya valvu kinachopokea elektroni, inavuta kama miliampia 10 hivi, na kuna volti 1.4 za filamenti, ule uzi wa ndani unaopashwa moto, na hapo seti ya 91 inavuta miliampia 250, ya 96 inavuta nusu yake. Watu wote wanaogopa ile 90, na ni kweli itakurusha mkono, lakini inayoua valvu ni hii ndogo, kwa sababu filamenti ni uzi mwembamba sana, ukiupa volti 3 kwa bahati mbaya basi valvu zote nne zimekwenda kwa mpigo na hakuna cha kutengeneza hapo.

Sasa tuje kwenye boksi. Transfoma ya kwanza inashusha umeme wa ukutani mpaka volti 9, chukua ya VA 10 (hicho ni kipimo cha uwezo wake) isiwe inahema. Hizo 9 zinaenda njia mbili. Njia ya kwanza ni dayodi nne za kuufanya umeme uende upande mmoja, kapasita kubwa ya kuulainisha, halafu LM317, ile IC ya kushikilia volti pale unapotaka. Njia ya pili ni transfoma nyingine uliyoigeuza kinyumenyume, ile 9 unaiingiza upande wake wa volti 24, na upande wa 230 unakutolea, kwa hesabu, kama 86, ingawa ukipima utakuta imeshuka chini ya hapo. Ukishapitisha kwenye dayodi na kapasita inapanda tena kupita 100, unaweka rizista, kisha zena (dayodi za kushikilia volti) tatu za volti 30 zimefuatana, umepata 90 yako. Kapasita za huku ziwe za volti 160 kwenda juu, na weka rizista ya kilo-omu 100 sambamba nazo ili ukizima zijimwage zenyewe.

Kwenye LM317 ndo nataka tukae. Rizista ya omu 240 kutoka mguu wa kutolea kwenda mguu wa kurekebishia, na ya omu 27 kutoka hapo kwenda hasi, unapata 1.39. Mtu atasema mi naweka rizista ya kuzungusha nirekebishe vizuri. Hapana! Ile ya kuzungusha ikichakaa, kile kidole cha ndani kikinyanyuka sekunde moja tu, IC inaona njia imekatika na inatoa volti zote ilizonazo, na huko nyuma yake kuna kama 11. Rizista mbili za kudumu, ulehemu vizuri, basi. Na juu ya hapo weka dayodi tatu za silikoni zimefuatana, chanya kwenda hasi ya pato, zitaanza kushika ikikaribia volti 2, pamoja na fyuzi. IC nayo ifungie bati la kupozea, inachoma kama wati mbili na nusu.

Halafu hili wengi hawalijui: msiunganishe hasi mbili ndani ya boksi. Kwenye redio nyingi za hivi kati ya hasi ya 90 na hasi ya filamenti kuna rizista, mkondo wa anodi ukipita pale ndo unaipa gridi (kile kiwavu cha ndani kinachodhibiti mkondo) ya valvu ya mwisho volti zake za hasi. Ukiziunganisha umeifuta hiyo rizista, valvu inavuta kupita kiasi, sauti inakwaruza, na wewe unahangaika kulaumu spika. Ndo maana nimeweka transfoma ya pili, inazitenganisha kabisa.

Kabla redio haijaguswa, jaribu kwa rizista: omu 5.6 upande wa filamenti, kilo-omu 10 ya wati 2 upande wa 90, acha iwake nusu saa hivi huku unapima. Boksi la chuma liunganishe na ardhi, fyuzi kwenye upande wa ukutani, na soketi za pato ziwe tofauti ili plagi ya 90 isiweze kuingia kwa filamenti hata ukilazimisha.

Naona mkono umenyooshwa... anauliza kwa nini asitumie chaja ya simu kwa ile 1.4. Chaja inaweza kutoa nguvu, ila ndani mwake kuna swichi inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na redio ya mawimbi ya kati inaisikia hiyo kama mlio, hasa zile zenye antena ya ndani. Transfoma nayo isogeze mbali na hiyo antena, na ukisikia mvumo kwenye stesheni tu, stesheni ikiondoka unakata, jaribu kapasita ya nanofaradi 10 sambamba na kila dayodi.