Kwa Nini Uasin Gishu Haikutosha

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia maana ya kiroho ya kurudi katika nchi ya mababu kwa Wayahudi, nami nilitazamia kwamba kaka Eliya angeanzia Yerusalemu. Badala yake ametandika mezani ramani ya Kenya.

ELIYA: Nina sababu, dada Rehema. Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza, kupitia kwa waziri wake wa makoloni, Joseph Chamberlain, iliwapendekezea Wayahudi makao katika Afrika Mashariki, kwenye nyanda za juu za Uasin Gishu, ambako leo mahindi na ngano hustawi kuuzunguka mji wa Eldoret. Wenyeji wa nyanda zile hawakuulizwa, na jambo hilo lisipite bila kutajwa. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi ya taifa lao, aliliwasilisha pendekezo hilo mjini Basel, Uswisi, mwezi Agosti, mbele ya Mkutano Mkuu wao, miezi minne tu baada ya Wayahudi wa Kishinev, mji wa Milki ya Urusi, kuvamiwa na kuuawa. Waliohitaji kimbilio kuliko wote walikuwa Wayahudi wa Urusi, na ndio hao hao wajumbe wao wengi walioupinga mpango huo, wakatoka ukumbini, na baadhi yao wakaketi sakafuni wakilia, kama Wayahudi wanavyoketi chini tarehe 9 ya mwezi wa Av kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu.

REHEMA: Hapo ndipo ninapokwama. Mtu anayewindwa hutafuta mlango ulio wazi, hachagui nyumba.

ELIYA: Rabi Isaac Jacob Reines, kiongozi wa Wazayuni washika dini, aliona kama wewe, akaliunga mkono pendekezo, kwa kuwa sheria ya Kiyahudi hutanguliza kuokoa uhai mbele ya karibu amri zote. Miongoni mwa waliolia, wengi hawakuwa watu wa sinagogi. Jambo hilo hunigusa sana: hata walioacha sala walikuwa bado wamebeba yale ambayo babu zao waliyaomba mara tatu kila siku, nyuso zao zikielekea Yerusalemu. Uasin Gishu, ambayo mpango wake uliachwa rasmi mwaka 1905, ingeweza kuwa hifadhi, lakini isingeweza kuwa marejeo, kwa maana mtu hurudi alikotoka.

REHEMA: Basi tulishike hilo neno, kurudi.

ELIYA: Kwa Kiebrania toba huitwa teshuva, nalo latokana na kitenzi cha kurudi. Katika sura ya 30 ya Kumbukumbu la Torati kitenzi hicho chajirudia tena na tena: watu wanamrudia Mungu, naye Mungu anawarejesha kutoka kwa mataifa alikowatawanya, hata huwezi kuitenga safari ya miguu na ile ya moyo. Naye Myahudi anayekwenda kuishi katika Nchi ya Israeli hasemwi kuwa amehama, bali kuwa amepanda, kama mtu apandavyo mlima, na kupanda huko, yaani aliya, ni neno lile lile linalotumika mtu anapoitwa mbele sinagogini, penye gombo la Torati.

REHEMA: Na wale ambao hawakupanda? Kwa karne nyingi walio wengi walizaliwa ugenini na kuzikwa huko huko.

ELIYA: Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, husimulia kwamba Rabi Aba aliibusu miamba ya Akko, mji wa pwani ya Nchi ya Israeli. Wasioweza kuifikia miamba hiyo waliikaribisha nchi nyumbani mwao: ukutani, mkabala na mlango, waliacha sehemu ya dhiraa moja kwa dhiraa moja bila lipu, ili aingiaye alikumbuke Hekalu lililobomolewa. Na hadi leo, katika jamii nyingi za ugenini, maiti huzikwa pamoja na udongo kidogo kutoka Nchi ya Israeli, hata kama ni kiganja kimoja tu, umetiwa katika kifuko au umenyunyizwa juu yake.

REHEMA: Kiganja hicho cha udongo kimenieleza mengi kuliko hotuba zote za Basel. Je, aliyefika huwa amemaliza kurudi?

ELIYA: La. Mwishoni mwa karamu ya Pasaka, Wayahudi wa ugenini husema, "Mwaka ujao, Yerusalemu." Wale wanaoishi Yerusalemu kwenyewe, ambao huweza kutembea kwa miguu hadi kwenye Ukuta wa Magharibi, salio la uzio wa Hekalu, nao husema hivyo hivyo, ila huongeza neno moja: "Mwaka ujao, Yerusalemu iliyojengwa upya."