Ubavu wa Kushoto wa Papa Potwe

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nitazungumzia samaki mmoja tu, papa potwe, na picha ya sehemu moja ya mwili wake.

Mliofika Kilindoni, Mafia, kati ya Oktoba na Machi mnamfahamu. Hakuna samaki mkubwa kuliko yeye duniani, naye husogea karibu na pwani kufuata uduvi. Wageni humpiga picha kwa mbele, mdomo wazi. Zinapendeza, zinasambaa, ila mtafiti hazimfai sana. Yeye anatafuta ubavu wa kushoto, nyuma tu ya matamvua, juu ya pezi la kifuani. Hapo pana madoa meupe ambayo kila papa ana yake.

Kuyalinganisha kwa macho kunachosha. Mwaka 1986 mwanafalaki Edward Groth alichapisha njia ya kulinganisha orodha za nyota kwa kuziunganisha tatu tatu ziwe pembetatu. Mwaka 2005 watafiti Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman wakaonyesha kuwa njia hiyo inamtambua hata papa potwe kwa madoa yake. Mimi hadi leo nikiifikiria nafurahi: hesabu za mbinguni zimeshuka majini!

Mbona kushoto? Madoa ya kulia ni mengine. Tusipokubaliana upande, papa mmoja atahesabiwa wawili.

Hapo Mafia, watafiti waliwafunga papa vifaa vya kutoa mlio na kutega vipokezi chini ya maji. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa wengi hawahami msimu ukiisha. Husogea tu kwenye kina, tusikowaona. Kwa hiyo ni majirani wa kudumu. Na jirani huyu anaingia kwenye nyavu za kuzungushia, anakatwa na panga la mashine ya boti. Kovu lake picha hulionyesha wazi.

Mwambie mvuvi kwamba tangu 2016 papa huyu ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka duniani, atakuitikia kwa adabu. Mwekee mezani picha mbili za papa yuleyule, za miaka tofauti, madoa yaleyale, kovu jipya. Hapo mtazungumza.

Basi mkiwa majini msimguse, msimzibie njia, zimeni fleshi. Ogeleeni sambamba naye, mpigeni picha ubavu wa kushoto kwanza. Andikeni tarehe na mahali siku hiyohiyo. Picha wapelekeeni watafiti, na nakala iliyochapwa wapeni wavuvi wa Kilindoni.